Sarafu moja, vitabu vingi: pesa ya simu inavyovuka mpaka

Noti ya faranga ya CFA ya Afrika Magharibi ina herufi moja karibu na tarakimu zake. A ni Côte d'Ivoire, D ni Mali, K ni Senegal, T ni Togo. Muuza vitunguu wa Bamako hana sababu ya kuitafuta herufi hiyo, maana noti yenye A inanunua sawa na yenye D. Nchi nane za umoja wa UEMOA (Benin, Burkina Faso, Côte d'Ivoire, Guinea-Bissau, Mali, Niger, Senegal na Togo) zina benki kuu moja, BCEAO, yenye makao Dakar. Noti ikiwekwa mfukoni Abidjan na kutolewa Bamako, kazi imekwisha.

Salio la simu halina wepesi huo, kwa sababu lenyewe halivuki mpaka. Kinachovuka ni ujumbe, na nyuma ya ujumbe kuna deni. Kanuni karibu zote za kutumiana pesa kwa simu kati ya nchi na nchi zimejengwa juu ya maswali mawili: nani anadaiwa, na fedha ya kulipia deni hilo iko wapi usiku huu?

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili liko karibu. Itifaki ya Umoja wa Fedha ya Jumuiya ilitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, sarafu moja ikapangiwa mwaka 2024, kisha ikasogezwa hadi 2031. Wengi wanaamini kwamba siku hiyo ikifika, kumtumia ndugu wa Mwanza ukiwa Kisumu kutakuwa kama kumtumia jirani. Sarafu moja itaondoa tatizo moja, kubwa na la kuumiza: kubadili fedha. Mengine yatabaki palepale mpaka yaandikiwe kanuni zake.

Faranga 50,000 kutoka Abidjan hadi Bamako

Tuseme kijana aliye Abidjan anamtumia mama yake aliye Bamako faranga 50,000, na makato ni 500. Salio la kijana linapungua 50,500, simu ya mama inaita: umepokea 50,000. Sekunde chache tu. Lakini hapo kuna kampuni mbili, hata kama zina jina moja na rangi moja ya bango. Mara nyingi huduma ya kila nchi huendeshwa na kampuni tanzu iliyosajiliwa hapo, yenye kitabu chake cha hesabu na akaunti yake ya amana benki.

Kabla ya kubonyeza, kampuni ya Abidjan ilikuwa ikidaiwa 50,500 na kijana. Sasa 500 imekuwa pato lake, na 50,000 inadaiwa na kampuni ya Bamako. Kampuni ya Bamako nayo inadaiwa 50,000 na mama, deni ambalo dakika moja iliyopita halikuwepo. Fedha yenyewe bado imelala benki Abidjan. Kwa muda huo, Bamako kuna salio la simu lisilo na fedha nyuma yake. Muamala mmoja hauna madhara. Miamala ya siku nzima ikirundikana bila kumalizana, kampuni moja inakuwa imeikopesha nyingine mamia ya mamilioni, na fedha hizo ni za wateja.

Dawa iliyozoeleka ni kuweka fedha mapema. Kampuni ya Abidjan hufungua akaunti ndani ya kitabu cha kampuni ya Bamako na kuijaza kabla ya kazi kuanza, tuseme faranga milioni 800. Mama anapopokea 50,000, hakuna salio jipya linaloumbwa. Fedha zinatoka kwenye akaunti hiyo. Hiyo ni floti, sawa na ya wakala wa mtaani, ila ni ya kampuni nzima, na huisha kama ya wakala inavyoisha. Wahamiaji wengi wa Mali na Burkina Faso hufanya kazi Côte d'Ivoire na kutuma nyumbani, kwa hiyo pesa hutiririka zaidi upande mmoja. Sasa fikiria Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mishahara imeingia jioni, benki zimefunga hadi Jumatatu, na Jumamosi saa nne asubuhi zile milioni 800 zimekwisha. Kuanzia hapo kila muamala unakataa, ingawa mtumaji ana salio na laini ya mpokeaji ni nzima. Ujumbe unasema tu "jaribu tena baadaye", na watu wanalaumu mtandao.

Ndiyo maana kanuni nzuri huzibana kampuni zitaje kiwango cha chini cha floti ya kila njia ya nchi hadi nchi, ziwe na kengele inayolia floti ikishuka, tuseme, chini ya theluthi, na ziwe na mkopo wa dharura uliokubaliwa na benki kwa siku za mapumziko. Ni mambo ya kuchosha kuyaandika, lakini ndiyo yanayoamua kama dawa ya mgonjwa italipiwa Jumamosi au Jumatatu.

Mwisho wa siku kampuni hukatana madeni ili floti zijae tena. Ikiwa Abidjan imetuma milioni 900 na Bamako imetuma milioni 300, zinazohama ni milioni 600. Zinapita benki hadi benki kupitia STAR-UEMOA, mfumo wa BCEAO wa kulipana papo kwa papo ulioanza mwaka 2004. Hapa ndipo umoja wa fedha unapoonyesha faida yake halisi. Benki ya Abidjan na ya Bamako zote zina akaunti kwa benki kuu moja. Milioni 600 zikihama katika vitabu vya BCEAO, zimehama kabisa. Hakuna dola katikati, wala benki ya tatu ya ng'ambo inayokata chake.

Amana isiyoguswa

Kanuni mama ya fedha za kielektroniki katika UEMOA ni maelekezo ya BCEAO namba 008 ya tarehe 21 Mei 2015. Yaliruhusu kampuni zisizo benki kutoa fedha za kielektroniki kwa leseni maalumu, zikiwa na mtaji usiopungua faranga milioni 300. Kiini chake ni amana: fedha yote ya wateja itengwe na fedha ya kampuni, na angalau asilimia 75 yake iwe katika akaunti ya benki ambayo inaweza kutolewa wakati wowote. Kampuni hairuhusiwi kukopesha fedha hiyo, na mteja akitaka noti zake apewe kwa thamani ileile.

Kanuni ya namna hii ipo pia kwetu, katika sheria za mifumo ya malipo za Kenya ya 2011, Tanzania ya 2015 na Uganda ya 2020. Tofauti huanza pale muamala unapokuwa wa nchi mbili. Kampuni ya nchi ya kwanza ikifilisika saa sita mchana, zile fedha zilizowekwa mapema katika nchi ya pili ni za nani? Za wateja wa nchi ya kwanza, za kampuni iliyofilisika, au zimeshakuwa za waliotumiwa asubuhi? Sheria ya ufilisi ya kila nchi inaweza kujibu kwa namna yake. Umoja wa fedha wenye benki kuu moja unaweza kuandika jibu moja kwa wote: muamala uliokwisha kuthibitishwa hautenguliwi na mfilisi. Bila sentensi hiyo, mdhibiti mwenye busara atazitaka kampuni zimalizane mara kadhaa kwa siku, zisingoje usiku.

Thamani sawa si fedha moja

Anayedhani kwamba kiwango thabiti cha kubadilisha kinatosha aangalie Kamerun. Nchi sita za CEMAC, umoja wa fedha wa Afrika ya Kati, nazo hutumia faranga ya CFA, yao ikitolewa na benki kuu yao, BEAC, yenye makao Yaoundé. Euro moja ni faranga 655.957 Dakar, na ni 655.957 Yaoundé. Kwa hesabu, faranga hizi mbili zinalingana hadi nukta ya mwisho. Hata hivyo ni fedha mbili. Noti ya Dakar haipokelewi dukani Douala, na benki za pande hizi mbili hazina akaunti kwa benki kuu moja, kwa hiyo malipo kati yao yanapita njia ya fedha za kigeni, na kanuni na makaratasi yake yote. Ndani ya CEMAC, mtandao wa pamoja wa GIMAC umeunganisha benki na pesa za simu tangu 2020. Ukitoka nje ya mstari huo, usawa wa thamani haukusaidii.

Ulaya ilionja upande wa pili wa somo hilo. Euro ilianza kutumika katika akaunti za benki mwaka 1999 na noti zikatoka 2002. Sarafu ilikuwa moja, lakini benki ziliendelea kutoza malipo ya kuvuka mpaka zaidi sana kuliko ya ndani, kwa sababu mifumo ya kila nchi ilikuwa imejengwa peke yake. Ilibidi itungwe kanuni namba 2560 ya mwaka 2001, iliyosema kwamba malipo ya euro ya kwenda nchi nyingine ya umoja yasitozwe zaidi ya yale ya ndani. Kwa kuhamisha fedha benki hadi benki ilianza Julai 2003. Mfumo wa pamoja wa SEPA ulikuja baadaye, mwaka 2008. Hata mwaka 2025, zaidi ya miongo miwili tangu noti zitoke, ndipo benki za eneo la euro zilipolazimika kisheria kupokea malipo ya papo hapo kuanzia Januari, na kuyatuma na kulinganisha jina la mpokeaji kuanzia Oktoba.

BCEAO imepitia safari inayofanana. Tarehe 30 Septemba 2025 ilizindua jukwaa lake la malipo ya papo hapo, PI-SPI, linalounganisha benki, taasisi ndogo za fedha na watoaji wa pesa za simu wa nchi zote nane. Kabla ya hapo, mtu mwenye pochi (akaunti ya pesa za simu) ya kampuni moja hakuwa na njia ya wote ya kumtumia mwenye pochi ya kampuni nyingine. Kila jozi ya kampuni ilipaswa kuandikiana mkataba wake na kuweka floti zake. Hesabu ya mikataba hiyo inatisha: kampuni 10 zikiunganishwa mbili mbili zinahitaji mikataba 45, kampuni 30 zinahitaji 435. Kwa jukwaa moja, kila kampuni inaunganishwa mara moja na inaweka fedha mahali pamoja.

Nani anatuma, nani anapokea

Kuhusu utambulisho, kanuni ya 2015 iliweka ngazi. Mteja aliyetambuliwa anaweza kuwa na salio la hadi faranga 2,000,000 kwa mtoa huduma mmoja na kuingiza hadi 10,000,000 kwa mwezi. Asiyetambuliwa anaishia 200,000 kwa mwezi. Ngazi ni wazo zuri, kwa sababu bibi anayepokea faranga 20,000 za chakula hapaswi kudaiwa karatasi za mfanyabiashara wa ng'ombe. Kipimo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha kinaruhusu wepesi huo pia: chini ya dola au euro 1,000, taarifa zinazopaswa kusafiri na muamala ni chache, hasa majina na namba za akaunti za pande zote mbili.

Kinachovuruga ni kitambulisho chenyewe. Kila nchi ina mfumo wake wa vitambulisho, na kampuni ya nchi nyingine haiwezi kuuliza kama namba hiyo ni ya kweli. Mhamiaji aliyevuka kihalali kwa kitambulisho cha nchi yake anafika mjini na kuambiwa hakisajili laini. Anachofanya kinajulikana na kila wakala: anatumia laini ya rafiki. Hapo mdhibiti amepoteza alichokuwa akikitafuta, kwa kuwa kitabu kinaonyesha jina la mtu ambaye hakutuma. Kanuni ya kanda inayofaa ni ile inayotaja kwa majina vitambulisho vya nchi zote wanachama na kumlazimisha mtoa huduma avipokee, pamoja na mlango wa kuvithibitisha kwa mamlaka iliyovitoa. Viwango vya juu navyo viwe vya mtu, visiwe vya laini, la sivyo mwenye laini nne ana viwango vinne.

Benki kuu moja, wizara nane

Kodi huwa haihami kwenda benki kuu. Mali, iliyo ndani ya UEMOA, mwaka 2025 ilianza kutoza asilimia 1 kwenye kutoa pesa za simu. Kamerun, ndani ya CEMAC, iliweka asilimia 0.2 mwaka 2022. Benki kuu inaweza kusawazisha leseni, amana na ujumbe wa muamala, lakini waziri wa fedha wa nchi moja akiamka na tozo mpya, bei ya njia nzima inabadilika usiku mmoja. Uganda ilionyesha jinsi watu wanavyojibu: Julai 2018 iliweka asilimia 1 kwa miamala ya pesa za simu, malalamiko yakawa makubwa, na ilipofika Novemba ikapunguzwa hadi 0.5 na kubaki kwenye kutoa tu. Tanzania nayo ilianzisha tozo mpya Julai 2021, ikaipunguza kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo.

Kwa muamala wa kuvuka mpaka, hatari ni kutozwa mara mbili: kodi juu ya makato upande wa kutuma, kodi juu ya fedha yenyewe upande wa kutoa. Lengo la Umoja wa Mataifa ni kwamba ifikapo 2030 gharama ya kutuma pesa nyumbani iwe chini ya asilimia 3, na pasiwe na njia inayozidi asilimia 5. Tozo ya asilimia 1 pekee inakula theluthi ya lengo hilo kabla kampuni haijakata chake. Mkataba wa umoja wa fedha usiogusa jambo hili umeacha mlango wazi, na tunaamini ulipaswa angalau kusamehe miamala midogo ya familia.

Muamala ukikwama

Kosa linalosumbua zaidi ni muamala usiojulikana umefika wapi. Mfumo wa Abidjan unakata salio, unatuma ujumbe, na jibu la Bamako linachelewa kupita muda uliowekwa. Je, mama amepokea? Abidjan haijui. Ikirudisha fedha kwa kijana, huenda mama naye amepata, na kampuni imelipa mara mbili. Isiporudisha, kijana anarudia kutuma, na mama anapata 100,000. Tiba ni namba moja ya pekee kwa kila ombi, inayosafiri nalo mwanzo hadi mwisho. Mfumo wa kupokea ukiona namba uliyokwisha kuishughulikia unajibu "tayari" na hauongezi chochote. Pili, Abidjan inauliza hali ya namba hiyo kabla ya kurudisha kitu. Tatu, kanuni inaweka saa: jibu lisipopatikana ndani ya muda fulani, fedha irudi kwa mtumaji yenyewe, bila yeye kupiga simu.

Kosa la namba ni gumu zaidi, kwa sababu aliyepokea akishatoa noti hakuna kitufe cha kuzirudisha. Kinga yake ni kuonyesha jina la mpokeaji kabla ya namba ya siri. Ndani ya nchi jambo hilo limezoeleka. Kuvuka mpaka linahitaji kampuni ya nchi ya pili ikubali kufichua jina la mteja wake, na sheria za kulinda taarifa binafsi ziruhusu. Suluhisho la kati ni kuonyesha jina la kwanza na herufi ya kwanza ya ukoo, inatosha kwa mtumaji kugundua kwamba amekosea.

Malalamiko nayo yawe na mlango mmoja. Kampuni iliyochukua fedha ya mtumaji ndiyo imjibu kwanza, hata kama kosa lilitokea upande wa pili. Wao wawili watajuana. Mtumaji akiambiwa awasiliane na mtoa huduma wa nchi asiyoijua, katika lugha asiyoisema, malalamiko yake yamezikwa.

Kabla ya 2031

Umoja wa fedha una hatari yake ambayo nchi zenye sarafu zao hazina. Januari 2022, baada ya vikwazo vya viongozi wa kanda, akaunti za serikali ya Mali katika BCEAO zilizuiwa, na nchi ikashindwa kulipa baadhi ya madeni yake kwenye soko la dhamana la kanda hadi vikwazo vilipoondolewa Julai. Pale malipo yote yanapomalizwa mahali pamoja, mahali hapo panaweza kufungwa kwa uamuzi wa kisiasa. Waandishi wa kanuni za Afrika Mashariki wana nafasi ya kuandika mapema kwamba miamala midogo ya familia haitafungwa hata wakati wa mgogoro wa serikali.

Mengine hayahitaji kungoja. Mfumo wa EAPS, unaounganisha mifumo ya benki kuu kama TISS ya Tanzania na KEPSS ya Kenya, umefanya kazi tangu Novemba 2013 na unaruhusu kulipana kwa sarafu za kanda. Tigo iliunganisha Tanzania na Rwanda mwaka 2014, Vodacom na Safaricom zikaunganisha Tanzania na Kenya mwaka 2015. Floti za njia hizi zikimalizwa kupitia benki kuu zetu kwa shilingi, dola haina haja ya kuingia katikati.

Na kipo kiwango cha kubadilisha, ambako mteja wa leo anaumia bila kuona. Tuseme shilingi 1 ya Kenya ni 20 za Tanzania sokoni, na kampuni inatumia 19.4. Anayetuma 10,000 kutoka Mombasa anaona makato madogo kwenye skrini na kufurahi. Arusha zinafika 194,000 badala ya 200,000. Zile 6,000 hazikuandikwa popote kama makato, nazo ni asilimia 3 kamili. Benki kuu zinaweza kuagiza, hata kesho, kwamba kabla ya namba ya siri skrini ionyeshe vitu vitatu: kiwango cha kampuni, kiwango cha rejea cha benki kuu cha siku hiyo, na shilingi ngapi zitamfikia mpokeaji mkononi baada ya kila kitu.